Kanisa Nililojenga kwenye Njia ya Ng'ombe

Juma lililopita kijana mmoja kati yenu alinipigia simu kutoka huko chini ya Garsen. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu kosa lenyewe hajalifanya. Amelichungulia tu dirishani. Ana miezi mitatu tangu atumwe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu njiani akakuta hakina mwenyewe.

"Mzee, nimepata kiwanja cha kanisa!"

"Wapi?"

"Hapa hapa kijijini, katikati ya mashamba. Kiko wazi, hakina mazao, hakina nyumba, hakina hata kisiki. Kinateremka taratibu mpaka mtoni. Mzee, utadhani Mungu mwenyewe amekifyeka."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kulikoni. Kisha kicheko kikaniishia ghafla.

"Umeshachimba?"

"Mashimo manne tu ya nguzo, Mzee. Udongo ni laini ajabu."

"Weka jembe chini," nikamwambia. "Kabla hujachimba la tano, nenda kwanza ukamwulize..."

Simu ikakatika. Tangu siku hiyo nampigia, naambiwa hapatikani. Huko mtandao hushika ukiwa umepanda kichuguu, na sijui kama kijana wetu amekwisha kukipata kichuguu chake. Basi nimechukua kalamu. Barua hii nitaitia basini imfikie, na ninyi wengine mnaojiandaa kutumwa muisome pia, kwa maana viwanja vya namna ile ni vingi, na wenye haraka ni wengi zaidi.

Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu Taita shamba limesimama kama ukuta, na kila hatua ya ardhi ina mwenyewe, na mwenyewe ana babu aliyezikwa hapo. Ukiona mahali wazi Taita, ujue ni mwamba. Niliposhushwa Garsen mara ya kwanza, kijana wa kidato cha nne mwenye Biblia, sanduku la bati na viatu vilivyong'aa, nikatazama ile tambarare isiyo na mwisho, nilijiona nimeingia ghala ambalo mlinzi wake ameenda kula.

Aliyekuja kunipokea ukingoni mwa mto Tana alikuwa mama mmoja Mpokomo, mkulima wa mpunga na migomba, mjane, aitwaye Mama Rahel. Alikuja na mtumbwi wake mwenyewe na kafi yake mwenyewe. Huyu ndiye chuo changu cha pili, na ada yake sikuimaliza.

"Kaa chini, Mwinjilisti," akaniambia.

"Nimekaa, mama."

"Umekaa juu ya sanduku. Kaa chini kabisa, mtumbwini, ulowe matako kidogo. Aliyelowa matako halowi kichwa."

Suruali yangu ilikuwa imepigwa pasi. Nikabaki juu ya sanduku kama chifu. Tulipofika katikati ya mto, kiboko akaguna upande wa kushoto, nami nikageuka mzima mzima kumtazama. Yaliyofuata mnayajua: nikaanguka majini, Mama Rahel akanikokota mpaka ukingoni. Watu walikuwa wamejipanga ng'ambo na wimbo wa kunikaribisha. Ubeti wa kwanza wakauimba wakinivuta kwa kola ya shati. Kwa hiyo msije mkadanganywa kwamba niliipeleka Injili kijiji kile. Ilifika ikichuruzika maji, na Mama Rahel ndiye aliyeibeba.

Kesho yake akanifundisha kuchota maji. Ukitaka kuishi kando ya Tana, usichote mahali pamoja siku mbili mfululizo, wala saa ile ile. Mamba si mjinga. Anashika ratiba kuliko karani. Chota kwa kopo lililofungwa kwenye ufito mrefu, uyaache maji yatulie mtungini mpaka matope yalale, ndipo uyachemshe. Na ninyi wa siku hizi mnaopelekwa na pikipiki, udongo mweusi ukinyeshewa, vueni zile bati zinazofunika magurudumu kabla hamjaondoka. Msipozivua, pikipiki itawabeba kwenda nanyi mtaibeba kurudi. Mimi nimeibeba moja kutoka njia panda hadi kijijini, na mwenyewe akitembea nyuma yangu akinishauri niishike wapi.

Sasa nije kwenye kiwanja.

Niliingia kijijini wakati wa mvua. Wakati huo Waorma, wafugaji wa eneo lile, wako mbali na ng'ombe wao, kwa sababu tambarare yote ina majani na madimbwi. Mtoni wanabaki wakulima. Mimi sikujua hilo. Nilichokuwa naona ni kijiji chenye mashamba yamesongamana ukingoni kama meno, na katikati ya meno hayo pengo moja kubwa, safi, linaloteremka mpaka majini. Miezi miwili nilipita pale asubuhi na jioni, sikuona hata kuku.

Nikamwambia Mama Rahel, "Kanisa nitalijenga pale."

Alikuwa anapepeta mpunga. Hakusimamisha ungo. "Pale hapana."

"Kwa nini?"

"Ni malka. Panapitwa."

"Na nani, mama?"

"Utawaona. Jenga huku juu kwenye kinundu, karibu na kwangu."

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, na nataka mlijue baba yake. Sikukosa kwa kutojua. Neno "malka" nililisikia, nikaambiwa panapitwa, na ningeuliza swali moja tu zaidi ningeelezwa kwamba kila malka ni njia ya ng'ombe kushuka kunywa, iliyoachwa na wakulima na wafugaji tangu enzi za babu zao, na kwamba kiangazi kikiingia hiyo ndiyo shingo ya uhai wa watu wengi. Sikuuliza kwa sababu niliposikia "karibu na kwangu" nilijisemea: Aha! Mama anataka kanisa mlangoni pake. Nikamhukumu mwanamke aliyenitoa mtoni.

Isitoshe, nilikuwa nimepata mtu wa kuniambia nilichotaka kuambiwa. Mzee wa kanisa, Bwana Kokani, alikuwa na migomba pande zote mbili za lile pengo.

"Jenga, Mwinjilisti, jenga!" akanihimiza. "Na ukizungusha ua wa miiba, uzungushe vizuri mpaka mtoni. Nyumba ya Bwana lazima iwe na heshima."

Kila mwaka ng'ombe waliposhuka, wawili watatu waliingiza shingo wakala migomba yake. Miaka mingi alitamani njia ile ifungwe, na hakuthubutu kuifunga kwa jina lake. Akangoja aje mjinga mwenye jina kubwa kuliko lake. Nikaja mimi, nikaifunga kwa jina la Mungu.

Tulijenga kwa wiki sita. Nguzo za mti wa mtoni, fito, udongo, paa la makuti lililosukwa na akina mama, likafungwa imara hata kimbunga kingelibusu kikaenda zake. Nilimwandikia Mkubwa wetu wa kanisa aje kulifungua, na katika barua ile jina langu lilitokea mara tano. Naikumbuka idadi kwa sababu niliisoma barua mwenyewe mara nyingi kabla ya kuituma.

Katika wiki hizo Mama Rahel alikuja kusuka makuti kama wengine. Hakusema tena. Alinipa tu chai ya asubuhi, na mara kwa mara akisema, "Kiangazi kikija, Mwinjilisti, ndipo utakunywa chai ya kweli." Alikuwa na rafiki yake Mworma, Halima, mke wa mfugaji mmoja mzee aitwaye Barisa. Halima akishuka na ng'ombe humletea Mama Rahel maziwa kibuyuni, naye hubeba mahindi na mchele. Mama zao walifanya hivyo kabla yao. Ukiwasikia wakizungumza, huyu kwa Kipokomo na yule kwa Kiorma na Kiswahili cha kubandika katikati, ungedhani ni mawifi wanaogombana.

Kiangazi kikaja. Siku moja kabla ya ibada ya ufunguzi, Jumamosi asubuhi, nikiwa nafagia mlangoni, nikaona vumbi limesimama upande wa tambarare. Mbele ya vumbi alikuwa mzee mmoja mrefu, fimbo mabegani, mikono ikining'inia juu yake. Alikuwa Barisa. Aliwaacha ng'ombe mbali akaja peke yake.

"Salama, Mwinjilisti?"

"Salama, mzee."

"Nyumba mzuri."

"Asante sana."

"Mlango natazama mto." Akatabasamu. "Ng'ombe yangu pia natazama mto. Sasa hii wawili, nani napita kwanza?"

Kokani, aliyekuwa nyuma yangu, akanikoholea mgongoni. Nikajikaza. "Mzee, kesho tuna ibada ya ufunguzi. Mkubwa wetu anatoka mbali. Nawaomba mzunguke mpaka malka ile ya chini."

"Ile ya chini ukingo nakatika. Matope tu."

"Ni kesho tu, mzee. Siku moja."

Nilisema siku moja, huku ua wa miiba ukiwa nyuma yangu, umekaa mkao wa miaka kumi. Barisa aliutazama ua, akautazama msalaba mlangoni, akanitazama mimi. Mkumbuke kwamba kando ya mto huu watu wamewahi kuumizana kwa jambo dogo kuliko hilo. Alikuwa na vijana wenye fimbo, na ng'ombe wenye kiu wanaonusa maji. Sikuwa na kitu mimi ila ufagio.

"Hii ni nyumba ya Mungu," akasema. "Mimi siwezi vunja nyumba ya Mungu. Sisi nazunguka."

Akaenda. Kokani akanipiga bega, "Umeona? Ukiwa na msimamo, watu wanaelewa!" Nami, Mungu anisamehe, nikaamini nimeshinda.

Jumapili ilikuwa nzuri. Mkubwa alikuja na kanzu nyeupe, kwaya ikaimba, vumbi likapanda. Lakini kulikuwa na fahali mmoja mzee ambaye hakuwa amesikia makubaliano yetu. Alikuwa ameshuka kwa njia ile maisha yake yote. Akawatoroka wachungaji wake, akapenya ua wa miiba kama mtu anayepenya pazia, akaingia mlango wa nyuma wakati Mkubwa yuko kwenye hoja ya pili. Akapita katikati ya mabenchi bila kumgusa mtu, akasimama mbele ya madhabahu, akamtazama Mkubwa. Mkubwa akamtazama yeye. Kisha Mkubwa akasogea pembeni, na fahali akatoka kwa mlango wa mbele kwenda kunywa.

"Nilisema panapitwa," Mama Rahel akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na kanisa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, cha meno.

Jumatatu tukapata habari. Kule malka ya chini, kwenye ukingo uliokatika, ng'ombe mmoja wa kijivu aliteleza akazama mpaka tumboni katika matope. Walimfunga kamba, wakavuta tangu adhuhuri mpaka jua linapungua. Alikuwa na mimba. Alikufa matopeni. Alikuwa ng'ombe wa Halima, wake mwenyewe, si wa mumewe.

Asubuhi ya Jumanne nilikwenda kwa Mama Rahel kama kawaida. Akanimiminia strungi, chai kavu nyeusi kama lami.

"Maziwa hayajafika, mama?"

"Maziwa yamezunguka, Mwinjilisti. Yakifika utayanywa."

Jumatano, strungi. Alhamisi, strungi. Hakunigombeza, hakunisengenya. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanimiminia strungi, akakaa kunitazama nikinywa mpaka tone la mwisho. Vijana, nimewahi kuitwa mbele ya kamati, nimewahi kuandikiwa barua za onyo, lakini adhabu kali niliyopata katika kazi hii ni vikombe tisa vya chai isiyo na maziwa.

Siku ya kumi niliita kikao. Nikasema tunalihamisha kanisa.

Kokani aliruka. "Lihamishwe? Limeshafunguliwa na Mkubwa! Kanisa ni mbuzi, ulihamishe kamba?"

Mama Rahel akainuka polepole. "Wana wa Israeli walibeba hema la Mungu jangwani miaka arobaini. Kutoka hapa mpaka kwenye kinundu ni hatua mia mbili, Kokani. Umechoka kabla ya kuinama?"

Jioni ile, kabla jua halijazama, Mama Rahel alinipeleka kambini kwa Barisa. Nikamwomba msamaha mbele ya wazee wenzake. Nilisema maneno yote: nimefunga njia, nimedanganya kwamba ni siku moja, nimewatuma kwenye matope. Barisa alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nyumba naondoka lini?" Nikasema kesho. Akasema, "Kesho mimi naleta vijana. Nyumba ni mzito."

Halima alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yao, akisuka kamba. Niliinamisha kichwa nikapita. Lishikeni hilo, nitalirudia. Nilimwomba msamaha mwenye fimbo. Mwenye ng'ombe nilimpita mlangoni.

Kuhamisha paa kuna ufundi wake, na huenda mkauhitaji. Msilibomoe. Kateni nguzo juu ya ukuta, pitisheni miti mirefu chini ya kenchi, watu wasimame wawili wawili, wafupi katikati na warefu pembeni, au paa litapinda kama ndizi. Halafu awepo mmoja tu wa kutoa amri. Sisi tulikuwa na watu wengi ndani ya paa lile, Wapokomo na Waorma, na kwa nje unaona miguu tu. Watoto walikimbia mbele wakipiga kelele, "Kanisa linatembea! Kanisa linatembea!" Na mnadhani aliyetangulia akitoa amri, kofia mkononi, jasho likimtoka, alikuwa nani? Bwana Kokani. "Kulia kidogo! Wewe Mworma mrefu, inama! Mbele! Mbele!" Mtu hawezi kuona jambo kubwa likipita akakubali kubaki mgombani.

Nyuma yetu ng'ombe walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Paa lilipoondoka tu, wakashuka, wakapita kati ya kuta zangu za udongo zilizobaki, na kufikia saa nane kuta nazo hazikuwepo.

Miezi michache baadaye Mkubwa akaandika kuuliza kwa mshangao: amesikia kanisa alilofungua halipo alipolifungua. Nikamjibu kwamba limesonga mbele. Nadhani aliipenda, maana niliachwa kijijini miaka mingine saba. Na mafuriko ya mwaka uliofuata yalipofika, pale nilipokuwa nimejenga kwanza waliabudu kambare na kamongo. Kwenye kinundu tulikauka kabisa. Kumbe sababu ya Mama Rahel haikuwa moja, na hata moja kati ya hizo haikuwa mlango wake.

Nimetumwa sehemu nyingi baadaye, kuanzia Golbanti hadi kwenye mifereji ya Bura, na kila mahali nilifuata desturi niliyonunua kwa bei ile. Sichimbi shimo mpaka nione mvua moja na kiangazi kimoja. Natazama ardhi: mashina yaliyosuguliwa gome kwa urefu wa ubavu wa ng'ombe, samadi kavu chini ya majani mapya, vijia vyembamba vinavyokwenda sambamba. Katika nchi yenye msitu wa mto, mahali pasipo na kisiki pana sababu. Na maswali yangu siyapeleki kwa kamati kwanza. Nayapeleka kwa anayebeba maji na anayeuza maziwa.

Wageni waliokuja chini yangu niliwafundisha mengi ya namna hiyo, na baadhi yalikuwa upuuzi. Kwa mfano, niliwaambia kwamba maziwa ya Tana ni mepesi kwa sababu ya majani ya mtoni. Niliyanywa miaka na miaka, Halima akiniletea mlangoni kila kiangazi, na yalikuwa mepesi kweli. Kwa Mama Rahel yalikuwa mazito. Nikasema mama yule anajua kuchemsha.

Nilipofika hapa katika kuandika, simu imelia.

"Mzee! Nimepata kichuguu! Siku ile ulisema nikamwulize nani?"

"Anayekuletea maziwa."

"Sina anayeniletea, Mzee. Nanunua ya pakiti, dukani Garsen."

"Basi kosa lako limeanzia hapo. Mashimo yamefika mangapi?"

"Kumi na mawili. Na nguzo ziko njiani. Mzee, Mkubwa ameshapewa tarehe."

Nilimsimulia haya yote mbio mbio, kabla mtandao haujaruka: malka, fahali, matope, strungi. Nilipofika kwenye ng'ombe wa kijivu hakucheka tena.

"Wiki ijayo wanaanza kushuka," akasema. "Nimesikia watu wakisema, sikujua ni akina nani wala wanashuka wapi. Mzee, Mkubwa nitamwambia nini?"

"Mwambie umesonga mbele."

Nikamsikia akigeuka, akiita watu kwa sauti: "Jamani! Leteni makoleo! Hapana, si kuchimba, kufukia!" Mtu mmoja huko akauliza kwa hasira kama wamelogwa. Halafu simu ikakatika, na safari hii sikumpigia tena. Mashimo kumi na mawili hufukiwa asubuhi moja.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kijana wangu hakuniuliza swali moja, na ninyi pengine hamjauliza pia: na mwenye ng'ombe?

Kila Krismasi Mama Rahel aliniuliza, "Umeshakwenda kwa Halima?" Nami nilijibu, "Nitakwenda." Niliona aibu kwanza, kisha niliona muda umepita, kisha nikajidanganya kwamba kwa kuwa ananiletea maziwa amesahau. Mama Rahel alipofariki, mimi ndiye niliyemzika, na Halima alisimama pembeni ya kaburi na kibuyu kitupu mkononi. Hata siku ile nilimpa mkono tu.

Mwaka jana, wiki ya mwisho ya kazi yangu, nilikwenda. Siku hizi anakaa pembeni mwa mji wa Garsen na binti yake. Macho yameingia ukungu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, nje.

"Nani?"

"Ni Mwinjilisti, mama."

"Yule ya nyumba natembea?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Karibu, karibu. Kaa. Wewe nazeeka? Sauti nazeeka."

"Nimekuja kwa sababu ya ng'ombe, mama."

"Nataka nunua? Sasa bei napanda."

"Ng'ombe wako. Yule wa matopeni."

Mkono wake uliokuwa ukipapasa mkeka ukasimama. Kisha akaniuliza, kama mwalimu amwulizavyo mtoto aliyechelewa, "Jina yake nani?"

"Sijui, mama."

"Dalti. Baba yangu napa mimi siku naolewa. Dalti."

"Dalti," nikasema. "Nisamehe, mama. Ni mimi niliyemuua."

"Mimi najua ni wewe. Watu yote ya mto najua ni wewe. Mimi nangoja wewe useme."

"Miaka yote hii? Na maziwa ukaniletea kila kiangazi?"

Akainamisha uso, na nikaona mabega yanatikisika, nikadhani nimemliza. Alikuwa anacheka.

"Naleta, ndiyo. Ya Rahel, maziwa. Ya kwako..." Akaonyesha kwa vidole, kipimo cha kikombe. "Naweka maji."

"Kila mara?"

"Kila siku, Mwinjilisti. Kila siku!"

Tulicheka wote wawili mpaka majirani wakachungulia. Halafu akamwita binti yake kwa Kiorma, maneno machache. Binti akaingia ndani, akatoka na kibuyu na kikombe cha bati, akanimiminia mpaka ukingoni.

Nikanywa. Yalikuwa na harufu ya moshi, na mazito hata yakaning'inia kwenye sharubu.